Kampuni "imepata dola milioni 40". Hela hizo zinakaa wapi, na ni nyingi kiasi gani?

#1 Kijana wa Soweto (Moshi)
Wakuu, habari za muda huu. Naomba kueleweshwa jambo ambalo jana kijiweni lilitaka kutugombanisha.

Mmoja wetu alisema NALA, ile kampuni ya kutuma hela ya Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes, Julai 2024 ilitangaza kupata dola milioni 40 kutoka kwa wawekezaji. Mwingine akadakia kwamba hizo ni ndogo, OpenAI wa Marekani, wale wenye ChatGPT, mwezi Machi 2025 walitangaza bilioni 40. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Namna tulivyokuwa tunaongea ungedhani hizo "40" mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Nataka kujua: kampuni ikishatangaza, hela zinaingia benki siku hiyo hiyo? Mwenye kampuni anakuwa ameukata? Na imekuwaje kampuni itangaze mabilioni leo, halafu kabla mwaka haujaisha inapunguza wafanyakazi?

#2 Dalali wa Kilombero (Arusha)
Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Hili jambo linanisumbua muda mrefu.

#3 Mwalimu Sekei (Arusha)
Mleta mada, tuanze na ukubwa, mengine yafuate. Dola moja tuiweke shilingi 2,650, ndiko ilikokuwa ikizunguka vipindi hivyo vyote viwili.

Dola milioni 40 = shilingi bilioni 106.
Dola bilioni 40 = shilingi trilioni 106.

Tarakimu ni zile zile, ndiyo maana kichwa kinadanganyika. Sasa chukua noti mpya za elfu kumi. Bunda la noti 100 ni milioni moja, na unene wake ni kama sentimita moja. Yapange mabunda moja juu ya jingine. Milioni 100 ni mita moja. Bilioni moja ni mita 10, ghorofa tatu hivi. Bilioni 106 ni mita 1,060. Trilioni 106 ni kilomita 1,060.

Toka milioni kwenda bilioni watu wanaona kama kupanda ngazi moja. Ngazi hiyo ina mara elfu moja ndani yake.

#4 Mangi wa Kibosho (Moshi)
Mwalimu hapo umenena. Kwa hiyo Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, ni bilioni 589 na nusu kwa noti za elfu kumi. Mlima wetu una bei sasa.

#5 Fundi Sola Njiro (Arusha)
Mangi punguza. Mita 5,895 zinahesabiwa toka usawa wa bahari, na Moshi mjini mko kwenye kama mita 800 tayari. Mlima mnaouona kutoka hapo kwenu ni wa bilioni 500 tu. Nyingine mnajumlisha za Tanga.

Ukianza kupanga zile bilioni 106 pale Moshi mjini, zitakufikisha usawa wa geti la Marangu. Ndiyo kwanza unaandikisha jina.

#6 Mangi wa Kibosho (Moshi)
Fundi, na Meru wenu ukitoa mwinuko wa Arusha unabaki mita 3,100 na kidogo. Tusifike huko.

#7 Mwalimu Sekei (Arusha)
Hahaha, nyinyi wawili mnafundishika. Ila kwa ile namba ya OpenAI mlima hautoshi, tuilaze barabarani. Bajeti ya serikali yetu ya 2025/26 ni trilioni 56.49. Mabunda yakipangwa kwa mstari ni kilomita 565, karibu sawa na barabara ya Moshi hadi Dar. Zile dola bilioni 40 ni Moshi mpaka Dar na kurudi hadi pungufu kidogo ya Moshi. Kampuni moja, tangazo moja.

#8 Mhasibu Themi (Arusha)
Mwalimu kamaliza ukubwa, mimi nizungumzie neno "imepata", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea.

Mfano huo huo wa OpenAI. Tangazo lilisema dola bilioni 40. Mkupuo wa kwanza ulipangwa kuwa bilioni 10. Bilioni 30 zilizobaki zilipangwa kuja kabla mwaka 2025 haujaisha, na SoftBank, mwekezaji mkuu, aliweka sharti: kampuni isipobadili muundo wake kwa muda uliowekwa, kiasi kingeweza kushuka hadi bilioni 20. Kwa hiyo siku ya tangazo, robo tatu ya namba mliyokuwa mnaipigia kelele kijiweni ilikuwa ahadi yenye masharti.

Jibu langu kwa mleta mada: ukisoma "imepata", uliza imepokea ngapi.

#9 Mama Parachichi (Usa River)
Namuunga mkono mhasibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya parachichi. Kuna mfuko (siutaji) ulikubali kunipa milioni 180. Wakaja na mpiga picha, tukashika kile kibao kikubwa chenye namba imeandikwa kwa wino mwekundu, picha ikazunguka. Shemeji zangu mpaka wa Rombo walipiga simu.

Hati yenyewe ina kurasa nyingi, lakini namba ziko ukurasa mmoja. Mkupuo wa kwanza milioni 60 baada ya kusaini. Wa pili milioni 70 nikishapata alama ya ubora ya TBS. Wa tatu milioni 50 nikionesha mikataba ya mauzo na hesabu zilizokaguliwa. Hela ya mkupuo wa kwanza haikukaa hata kidogo, iliingia kwenye mashine na matenki ya chuma kisichoshika kutu. Watu wa mtaani wanajua nina milioni 180. Mpaka leo mkupuo wa tatu sijauona.

#10 Wakili Kaloleni (Arusha)
Mama, pole na hongera kwa pamoja. Ila nimrekebishe kidogo Mhasibu. Mikupuo ya namna hii ni ya kawaida kwenye ruzuku, kwenye mikopo ya maendeleo na kwenye mikataba mikubwa mno kama huo wa OpenAI. Kwenye raundi za kawaida za hisa, yaani awamu ambazo kampuni inawauzia wawekezaji sehemu ya umiliki, zile za dola milioni chache hadi makumi, mara nyingi mwekezaji analeta hela yote mkataba ukishafungwa. Kwa hiyo tusimwambie kijana kwamba kila tangazo ni ahadi. Mengi hela zimeshaingia kabla gazeti halijaandika. Wapo wanaochelewesha tangazo miezi mingi kwa makusudi, watangaze pale panapowafaa kibiashara.

#11 Mhasibu Themi (Arusha)
Wakili, "mara nyingi" siyo "siku zote". Nimekaa kwenye hesabu za kampuni changa, nimeona raundi ya hisa imegawanywa mara mbili. Nabaki na msimamo wangu.

#12 Fundi Sola Njiro (Arusha)
Mnasahau kitu kingine: mkopo. Waliokuwepo hapa Arusha wanaikumbuka Off Grid Electric, ambayo baadaye ikaja kuitwa Zola. Ilianzia hapa hapa kwetu, ikifunga sola majumbani, mteja analipa kidogo kidogo kwa simu.

Mwaka 2015 walitangaza fungu la mkopo la dola milioni 45 na hisa za dola milioni 25. Ukijumlisha unapata 70, na watu walikuwa wakisema "wamepata sabini". Lakini 45 kati ya hizo ni deni linalotakiwa kurudi na riba. Na biashara yenyewe haiendi bila deni hilo. Unanunua paneli, betri na taa leo kwa hela taslimu, unafunga kwenye nyumba ya mtu, halafu yeye anakulipa taratibu kwa miaka. Ukifunga nyumba nyingi zaidi ndivyo shimo la hela linavyokuwa kubwa, hata kama wateja wote wanalipa vizuri. Hela nyingine haiwezi kuziba pengo hilo kwa bei nafuu kama mkopo, kwa sababu kuuza hisa ili ununue betri ni ghali mno kwa mwenye kampuni.

Mimi nikiona tangazo sasa naangalia kwanza: hisa ngapi, mkopo ngapi.

#13 Dalali wa Kilombero (Arusha)
Fundi, hii ya kutenganisha deni na hisa sikuwahi kuisikia kijiweni hata siku moja. Asante.

#14 Mjukuu wa Machame (Moshi)
Mimi nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya kununua mazao kwa wakulima kwa njia ya simu, jina nabaki nalo. Tuliona kwenye mtandao kampuni imepata mamilioni ya dola. Tukafurahi, tukajua kamisheni zetu za nyuma zinalipwa. Mwezi ukapita, kimya. Wakulima wa Hai na Siha wananipigia mimi, kwa sababu namba waliyonayo ni yangu. Wanasema "kampuni yako ina mabilioni, unaninyima laki tatu yangu ya mahindi?"

Baadaye mtu wa hesabu akanieleza kwamba sehemu kubwa ya zile hela kampuni ilikuwa imeshazipokea zamani kama mkopo, ikazila, na siku ya raundi mkopo ukageuzwa kuwa hisa. Kwenye tangazo zikajumlishwa na hela mpya. Hakuna uongo kisheria, lakini mtu anayesoma anadhani mzigo wote umeshuka siku hiyo.

Hili la tatu muliweke pembeni ya mikupuo na deni.

#15 Kijana wa Soweto (Moshi)
Pole sana mjukuu. Je, wale wakulima walilipwa mwishoni?

#16 Mjukuu wa Machame (Moshi)
Baadhi. Wengine mpaka ofisi inafungwa hawakuona kitu. Ndiyo maana mada hii kwangu siyo ya kuburudika.

#17 Mhasibu Themi (Arusha)
Kuna namba nyingine inayochanganywa na hela iliyopokelewa, nayo ni thamani ya kampuni. Nitumie mfano wa kwetu ambao hesabu zake ni za wazi.

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza 25% ya hisa kwa umma kama sheria ilivyotaka kwa kampuni za simu. Hisa milioni 560, kila moja shilingi 850. Zidisha, ni bilioni 476. Hiyo ni hela iliyolipwa na watu. Sasa hisa zote za kampuni ni kama bilioni 2.24. Ukizizidisha zote kwa 850 unapata trilioni 1.9. Hiyo trilioni 1.9 ndiyo "thamani", na hakuna mtu aliyewahi kuiweka mezani. Ni bei ya robo iliyouzwa, imekadiriwa kwa hisa zote.

Kampuni changa wanafanya hivyo hivyo. Mwekezaji akitoa dola milioni 10 apate 20%, watu wanaandika kampuni ina thamani ya milioni 50. Zilizoingia ni 10.

#18 Mama Majengo (Moshi)
Mhasibu, hapo ngoja tuulizane vizuri. Kikoba chetu tuna hisa 1,000 za shilingi 5,000. Hiyo ni milioni 5, na sanduku lina milioni 5, funguo ziko kwa watu watatu. Akija mtu mmoja akalipa 20,000 kwa hisa moja tu kwa sababu zake, mimi nitasimama mkutanoni nikatangaza kikoba kina milioni 20? Wanachama si watadai wafunguliwe sanduku siku hiyo hiyo?

#19 Mhasibu Themi (Arusha)
Mama, ndivyo inavyofanyika, isipokuwa hakuna anayedai kufungua sanduku.

#20 Mwalimu Sekei (Arusha)
Msimwonee mhasibu. Kikoba mnahesabu kilichomo ndani. Mwekezaji wa kampuni changa ananunua kitakachokuja. Kama ana sababu ya kuamini kampuni itatengeneza faida kubwa miaka kumi ijayo, bei yake ina mantiki. Tatizo ni kwamba bei hiyo ameiweka mtu mmoja au watatu, wakati kwenye soko la hisa la Dar es Salaam wanaipima watu wengi kila siku. Na hata huko soko husema vingine: hisa hiyo hiyo ya 850 ilikuja kukaa chini ya bei hiyo. Thamani ikapungua kwa mabilioni na hakuna aliyechukua hata senti benki.

#21 Mzee wa Ushirika (Moshi)
Wanangu, nawafuatilia tangu asubuhi. Niongeze la huku kwetu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, na 1933 ikazaliwa KNCU. Mtaji haukutoka kwa tajiri wa mbali, ulitoka kwenye mazao yao wenyewe. Na mwanachama mwenye miche mingi na mwenye michache, kila mmoja alikuwa na kura moja.

Hapo ndipo tofauti ilipo na hizi raundi zenu. Kwenye kampuni, hela ndiyo inayopiga kura. Sijaona aliyeuliza kwenye uzi huu wote: aliyetoa dola milioni 40 amepata viti vingapi kwenye bodi?

#22 Mangi wa Kibosho (Moshi)
Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa mwanachama. Lakini mzee, ushirika nao ulikuwa na madeni yake na wakulima walicheleweshewa malipo yao pia. Hela ya pamoja nayo inapotea.

#23 Mzee wa Ushirika (Moshi)
Marahaba mjukuu. Ni kweli ilitokea, na wakulima walijua mlango wa kwenda kuuliza. Mjukuu wa Machame hapo juu alikuwa mlango peke yake.

#24 Wakili Kaloleni (Arusha)
Swali la mzee ni zito kuliko yote. Niligusie kwa upande wa mwenye kampuni, maana kijana aliuliza kama ameukata.

Ukianza una 100%. Raundi ya kwanza unauza 20%, unabaki na 80. Raundi ya pili 20% tena, unabaki na 64. Hapo bado hisa za wafanyakazi. Halafu kuna kifungu ambacho wengi wanasaini bila kukisoma: haki ya mwekezaji kulipwa kwanza. Tuseme kampuni imechukua milioni 40 kwa kifungu hicho, baadaye mambo yakawa magumu ikauzwa kwa milioni 30. Wawekezaji wanachukua zote 30. Mwanzilishi mwenye 64% ya hisa anaondoka na sifuri, na magazeti yatasema kampuni yake "imeuzwa kwa dola milioni 30".

Pia kampuni nyingi changa za Afrika, kampuni mama inayozimiliki imesajiliwa Delaware, Marekani. Hela inaingia huko, huku kwetu inakuja ya mishahara na matumizi tu. Kwa hiyo "zinakaa wapi" jibu langu ni: nyingi hazifiki hapa.

#25 Kijana wa Ngarenaro (Arusha)
Basi mimi nikienda BRELA, wanaosajili kampuni, nikaandika mtaji bilioni 2, nami nina bilioni 2? Maana kuna jamaa yangu kaandika hivyo apate tenda, na ofisi yake ni meza moja.

#26 Wakili Kaloleni (Arusha)
Huo ni mtaji ulioandikishwa, yaani kiwango cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa. Uliolipwa ni habari nyingine kabisa. Ila mwambie jamaa yako ada ya usajili inapanda kulingana na mtaji anaouandika, na hisa akizichukua bila kuzilipia, kampuni ikifa wadai wanaweza kumfuata azilipie.

#27 Dalali wa Kilombero (Arusha)
Mimi bado nina hili la kampuni kubwa kuanguka. WeWork, ile ya Marekani ya kukodisha ofisi, Januari 2019 ilisemwa ina thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa muflisi. Bilioni 47 kwa mabunda ya mwalimu ni zaidi ya Moshi hadi Dar kwenda na kurudi. Zilikwenda wapi?

#28 Mwalimu Sekei (Arusha)
Sehemu kubwa yake haikuwahi kuwepo mahali popote. Rudia #17.

#29 Fundi Sola Njiro (Arusha)
Mwalimu hapo unarahisisha. Mabilioni ya kweli yaliingia WeWork na yalilipia kodi za majengo, samani na mishahara. Thamani ilikuwa hewa, hasara haikuwa hewa. Aliyetoa hela alizipoteza kweli.

#30 Mwalimu Sekei (Arusha)
Sikusema hakuna iliyoingia. Nimesema sehemu kubwa ya ile 47.

#31 Mjukuu wa Machame (Moshi)
Na Jumia, wale wa kuuza bidhaa mtandaoni, je? Aprili 2019 waliingia soko la hisa la New York, kila mtu anashangilia Afrika. Novemba mwaka huo huo wakafunga huduma Tanzania. Hela walikuwa nazo.

#32 Mhasibu Themi (Arusha)
Hilo ndilo swali la mwisho la kijana, kwa nini kampuni yenye hela inapunguza watu. Maelezo yangu: hela ya raundi inapangiwa muda, mara nyingi miezi 18 hadi 24. Chukua zile bilioni 106 ugawe kwa 24, ni bilioni 4.4 kwa mwezi. Toa matangazo, leseni, mitambo, wanasheria, mishahara ya watu wa nchi kadhaa. Mwezi wa 12 wakiona mauzo hayajapanda walivyoahidi, wanakata kwanza soko linalokula kuliko linavyoleta, ili hela iliyobaki ifike mbali. Wanapunguza watu wakiwa na hela, kabla hazijaisha.

#33 Mzee wa Ushirika (Moshi)
Mimi nasema ni viti vya bodi. Aliyeamua kufunga soko la hapa hakai hapa.

#34 Fundi Sola Njiro (Arusha)
Na mimi nasema ni deni. Mkopeshaji hangoji mwezi wa 24.

#35 Kijana wa Soweto (Moshi)
Nawashukuru wote. Nimeshawaita wale wa kijiweni wasome wenyewe, mmoja kashikilia kwamba Wakili ndiye yuko sahihi, mwingine anasema Mhasibu. Swali la nyongeza kwa Mama Parachichi: ule mkupuo wa tatu, wao ndio wamekataa au bado wanakagua?

#36 Mama Parachichi (Usa River)
Wanasema bado wanakagua. Mikataba ya mauzo ninayo, mkaguzi alishasaini hesabu. Sasa wanataka kuongeza sharti jipya, kwamba nusu ya milioni 50 iwe mkopo. Wakili, wanaruhusiwa kubadili katikati?

#37 Wakili Kaloleni (Arusha)
Mama usisaini chochote kipya kwanza. Angalia kama kuna kifungu kinachosema mabadiliko yote yawe kwa maandishi na kwa ridhaa ya pande zote mbili. Kawaida huwa karibu na mwisho wa hati.

#38 Mama Parachichi (Usa River)
Kipo, nimekiona, kifungu cha 14. Nakutumia picha inboksi sasa hivi.